Bastola inayogoma asubuhi na kulia mchana

Nina kidaftari cha kava gumu ambacho kazi yake ni kuandika madeni ya asali, nani kaleta ndoo ngapi, nani nimemlipa nusu, nani ananikwepa. Katikati ya hayo madeni kuna ukurasa wa mwezi wa sita ambao hauna jina la mtu, umeandikwa hivi tu: "Risasi 20. Zimelia 17. Tatu tk." Hiyo tk, yaani nyundo inashuka na risasi hailii, ndo imenitoa jasho miezi mitatu, na naiandika leo kwa sababu kila ninayemsimulia anakimbilia kuniambia "risasi mbovu hizo, badilisha", na mi mwenyewe ndo nilivojiambia, na nilikosea.

Kidogo kuhusu bastola inatoka wapi. Mi ni mtu wa asali na nta hapa Tabora mjini, mzigo nakusanya Sikonge na Kaliua huko. Zamani hii biashara ilikuwa ya keshi, unaingia porini na hela kwenye mfuko wa sulufeti chini ya siti ya pikapu, unarudi usiku kwenye barabara ya vumbi miti huku na huku huoni taa ya mtu, ndo nikaomba leseni nikapewa. Siku hizi wafuga nyuki wenyewe wanataka hela kwenye simu, kwa hiyo bastola inakaa sana kwenye sefu kuliko kiunoni, na hilo nalo lina mchango wake humu ndani. Ni tisa milimita, ya nyundo ya nje, imetengenezwa Ulaya. Jina la kampuni naliacha kwa sababu kampuni haina kosa lolote, mwenye kosa mtamjua mbele.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, tupo uwanja wa shabaha na afande anayesimamia. Tabora mwezi wa sita asubuhi kuna baridi ambayo watu wa Dar hawaiamini, mji upo karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, unamkuta mama muuza vitumbua kavaa koti na kofia ya sufu kama yupo Makete. Nikapiga moja, mbili, ya tatu nikavuta kifyatulio, nyundo ikashuka, tk. Basi. Hakuna moshi hakuna nini. Mkono ukataka kushuka nione kuna nini na afande akanifokea hapohapo, "Usishushe! Mdomo hukohuko kwenye tuta, hesabu thelathini." Na yuko sahihi, risasi inaweza kuchelewa kuwaka, inakaa kimya sekunde kadhaa afu inalia, na ukiwa umeshaigeuza kuichungulia ndo inalia usoni. (Kuna nyingine mbaya zaidi, unasikia "pu" dhaifu na bastola haikurudi nyuma vizuri, hapo usipige ya pili kabisa, simama, toa risasi zote, kagua mtutu, maana kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama humo na ya nyuma yake ikaupasua. Hiyo sio stori yangu ila siwezi kuipita bila kuisema.)

Nikahesabu, nikavuta slaidi, lile gamba la juu linalokwenda mbele na nyuma, risasi ikaruka chini nzima nzima. Tukaiangalia. Kitakoni mwa risasi si kuna kale kaduara ka shaba, vijana wa mjini wanaita praima, wazee wa gobore wanaita fataki, mi nashika la wazee. Kwenye ganda lililolia kidoti cha pini, kile kichuma chembamba kinachopiga fataki, ni kirefu, ukipitisha ukucha unanasa. Kwenye hii iliyogoma kulikuwa na kialama kama mtu kagusa kwa ncha ya kalamu akajutia. Ila kalikuwa katikati kabisa, hakajaenda pembeni. Nikapiga picha kwa simu, na hilo ndo jambo pekee la akili nililofanya mwezi ule wote.

Zile tatu zilizogoma afande akaniruhusu nizirudishe kwenye magazini. Mbili zikalia, moja ikagoma tena. Sa hapo ndo penye mtego. Mtu akiona risasi imegoma mara ya kwanza ikalia ya pili anasema fataki haikukaa vizuri kwenye ganda, pigo la kwanza limeisukuma likaikalisha, la pili ndo likaiwasha, na kweli hiyo ipo, nguvu yote ya pini inaliwa na ile safari ya kuisukuma fataki ndani. Lakini pigo dhaifu nalo linaleta dalili ileile, kwa sababu la pili linakuta pameshabonyea. Mi nikachukua jibu la kwanza kwa sababu lilikuwa linanitoa hatiani. Risasi mbovu. Nikaenda zangu nyumbani kunywa chai.

Ngoja nieleze fataki inafanyaje kazi maana bila hapo hamtaona nilipotea wapi. Ndani ya kale kakikombe kuna tone la kemikali ambayo inalipuka ikifinywa, na ng'ambo ya hilo tone kuna kichuma kidogo kilichosimama kama fuawe ya mhunzi. Pini, ikisukumwa na nyundo ya bastola, ndo nyundo ya huyo mhunzi. Inapiga mgongo wa kikombe, kikombe kinabonyea ndani, kemikali inafinywa kati ya kikombe na fuawe, cheche inapita kwenda kwenye baruti. Na mhunzi yeyote atakwambia nyundo nzito ukiishusha kinyonge haifanyi kitu, mwendo ndo kila kitu. Kwa hiyo chochote kinachompunguzia pini mwendo, hata kidogo tu, kinakuletea tk. Hiyo fuawe ina kichekesho chake pia: mwaka 1866 Mwingereza Edward Boxer alileta fataki yenye fuawe yake humohumo ndani, na mwaka huohuo Mmarekani Hiram Berdan akaja na mtindo wa fuawe kuwa sehemu ya ganda. Sasa Wamarekani ndo wameng'ang'ania ya Mwingereza, na ya Mmarekani ikaenda kukaa miaka na miaka kwenye majeshi ya Ulaya na Urusi. Haihusiani na tatizo langu, nimeshindwa tu kukaa nayo.

Basi bwana, wiki ile nikaamua "kurekebisha". Nilichofanya ni hiki: nikaifungua bastola nikaisafisha juujuu, nikaimiminia mafuta kila tundu ninaloliona, nikabadilisha magazini, nikafungua boksi jingine la risasi la aina tofauti. Vyote siku moja. Nikarudi uwanjani, safari hii zamu yetu ilikuwa saa saba mchana, jua linawaka, nikapiga 15 zikalia 15. Nikatamba jioni nzima kijiweni. Shemeji yangu akaniuliza, "Sasa shem, kilichokuwa kinasumbua ni nini?" Nikafungua mdomo nikajikuta sina jibu. Kati ya vitu vinne nilivogusa sikujua ni kipi kimeponya, na baadaye ikaja kujulikana hakuna hata kimoja, na kimoja kati ya hivo vinne kilikuwa kinazidisha ugonjwa.

Mwezi wa saba, saa mbili asubuhi, baridi imerudi na upepo juu yake. Risasi kumi, nne zimegoma. Hizi ni zilezile za boksi lililolia zote mchana ule. Nikaacha ubishi nikaenda kwa mzee.

Huyu mzee anakaa mtaa wa Ng'ambo hapahapa Tabora, mstaafu, alikuwa fundi wa silaha kazini huko alikotoka na sasa ana kibali chake cha ufundi, chumba chake cha kazi kina dirisha moja linaloangalia mwembe na meza ina mikwaruzo ya miaka. Nikabisha, nikamwamkia kinyamwezi maana anapenda, "Mwangaluka baba", akaitikia "mwangaluka" bila kuinua kichwa kwenye kazi yake.

"Inagoma lini?"

"Mzee inagoma tu, haina saa."

"Si umesema una daftari. Soma."

Nikasoma. Saa moja na nusu asubuhi, tatu. Saa saba mchana, hamna. Saa mbili asubuhi, nne. Akacheka kile kicheko cha puani. "Hiyo saa inayo mwanangu. Inayo kuliko ya kwako ya mkononi."

Akataka nimwonyeshe picha, nikazivuta mpaka kidoti kikajaa kioo cha simu. Akauliza kama kidoti kinahama pembeni, nikasema hapana kipo katikati. Akasema vizuri, basi slaidi tutaiangalia ila siiogopi. Maana yake ni hii: kama chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapolala, ni chafu risasi haiingii mpaka mwisho, slaidi inabaki haijafunga kabisa, uwazi wa unene wa ukucha tu, nyundo ikishuka nusu ya nguvu inaishia kuifunga slaidi badala ya kupiga fataki. Akautoa mtutu, akadondosha risasi moja kwa kidole kwenye chemba, ikaingia kwa uzito wake ikagonga chuma "ti", akaugeuza ikadondoka yenyewe mkononi. Safi. Akairudisha risasi kwenye kopo na kopo akalipeleka chumba cha pili, akafunga mlango. Kila alipotaka kuirudisha bastola mkononi alifanya hivo, magazini nje, slaidi nyuma, anachungulia, anaingiza kidole kidogo, afu ananipa na mimi nichungulie. Mara ya tatu nikaona kama ananifanya mtoto, nikajisemea moyoni tu.

Afu akaniomba penseli. Mi nilikuwa nayo, ya mwanangu wa darasa la tatu, ina raba mkiani. Mzee akaishika bastola tupu mdomo ukiangalia juu, akadumbukiza penseli kwenye mtutu raba ikitangulia mpaka ikagota kwenye uso wa slaidi pale pini inapotokea, akavuta nyundo nyuma, akafyatua. Penseli ikaruka kiasi cha mkono mmoja hivi ikadondoka kwenye meza. Akarudia. Kiasi cha mkono. Akarudia ya tatu, hii ikaruka kidogo sana, kama chura aliyeshiba. "Umeona? Pini inatakiwa imfukuze huyu. Hii inamwambia hodi."

Aisee mi nimemiliki bastola miaka yote hiyo sikuwa najua kama penseli ya mtoto inaweza kukupimia nguvu ya pini bila kupoteza risasi hata moja. (Inafaa kwa za nyundo. Na kama hujakagua chemba mara tatu usiguse hiyo penseli.)

Akaitoa pini kwenye njia yake, kile kitundu kirefu ndani ya slaidi. Ilitakiwa ichomoke na springi yake ndogo kwa kusukumwa kidogo tu. Ilitoka polepole, inavutika. Akachukua pamba ya masikio akaizungusha mule ndani akaitoa akaniwekea kwenye sinia mbele yangu bila kusema kitu. Ilikuwa nyeusi, nzito, inang'aa, na ndani yake kuna chembechembe za njano za shaba. Mi ni mtu wa asali, nimeona asali ya kila namna, mbichi, iliyoganda, iliyochanganywa na masizi na nyuki wafu, na nakwambieni ile ilikuwa asali. Ukiigusa kwa kijiti inafuata kijiti.

Ilivofika humo ni hivi. Miaka yote mi nilikuwa natia oili ya injini kwenye kile kitundu, tone mbili tatu, kwa imani kwamba chuma kinachotembea kinataka mafuta. Ila ile njia haitaki mafuta, inatakiwa kavu au ukungu tu wa kuzuia kutu. Hata zile zisizo na nyundo kama Glock, ambayo jeshi la Austria liliichukua mwaka 1982, mtengenezaji mwenyewe anakwambia pale pa pini usitie kitu. Mafuta yanakamata masizi ya baruti, yanakamata vumbi la Tabora la kiangazi ambalo linaingia hadi kwenye chupa iliyofungwa, yanakamata unga wa shaba unaokwanguka kwenye maganda, na bastola ikilala kwenye sefu miezi yote hiyo oili inakuwa nzito inaganda. Mchana jua likiwaka inalainika pini inapita. Asubuhi ya baridi pini inaogelea kwenye asali. Ndo saa yake hiyo. Na nilivoimiminia mafuta mengine mwezi wa sita nilikuwa namlisha mgonjwa kilichomfanya augue.

Mzee akapuliza karbu klina, ile ya kopo ya mafundi pikipiki, akasugua kwa kibrashi chembamba, akapuliza tena mpaka pamba ikatoka nyeupe. Akaiosha pini, akaikagua ncha kwa lenzi, ni ya mviringo, haijachongoka wala kumeguka, springi yake ndogo haijapinda. Akarudisha vyote vikavu. Penseli tena. Ikaruka mpaka usawa wa juu ya mlango. Mi nikapiga makofi.

"Bado," akasema.

"Bado nini tena mzee, si imeruka?"

"Hii aina ilitakiwa iguse dari. Nani kaichezea springi ya nyundo?"

Nikakaa kimya. Nikakumbuka. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nalalamika kifyatulio ni kigumu, kidole kinachoka, nikampa fundi mmoja wa mji mwingine nikamwambia "kifanye kiwe laini", akakifanya laini kwa nusu saa, nikamlipa nikamshukuru sana. Sikumuuliza amefanyaje. Mzee akaifungua, akaitoa ile springi kubwa inayoipa nyundo nguvu, akaisimamisha kwenye meza. Upande mmoja pete ya mwisho imelala bapa kama kiwandani walivyoiacha, inasimama vizuri. Upande wa pili mwisho wake umechongoka juu kama mkia wa nge, una alama ya koleo. Akaigeuza upande huo ikainama ikaanguka. Imekatwa. Laini yangu yote ilitoka hapo, ukikata springi kifyatulio kinakuwa laini kwa sababu nyundo haina nguvu tena.

"Sasa mbona ilipiga miaka yote hiyo?" nikauliza, na hili ndo swali nililokuwa naliona lina maana kuliko yote.

Akanijibu huku anafuta mikono. Mwanzo springi fupi ilikuwa inatosha, kwa sababu njia ya pini ilikuwa safi na risasi nilizokuwa natumia zamani fataki zake laini. Fataki hazifanani, kuna watengenezaji kikombe chao kigumu zaidi, hasa risasi zenye mtindo wa kijeshi. Afu uchafu ukaanza kujaa, bado inalia. Afu nikanunua boksi zenye fataki ngumu, na zote mbili nilizotumia mwaka huu ni za namna hiyo, bado mchana inalia. Afu ikaja baridi. Kila kimoja peke yake bastola ilikuwa inakimeza, vikija vinne pamoja inashindwa, kikiondoka kimoja inaweza tena. Ndo maana ulikuwa huikamati, akasema, wewe ulikuwa unatafuta mwizi mmoja.

Nilikaa na hilo neno njia nzima kurudi nyumbani Ipuli. Maana kweli, kila nilipopata kisababu kimoja nilikuwa nakipima hivi: kama ndo hiki, mbona jana haikugoma? Nakitupa. Hivo hivo ningetupa vyote vinne.

Springi mpya haikupatikana Tabora. Mzee aliiagiza Dar kupitia duka lenye leseni, ikachukua wiki saba, na hizo wiki saba bastola ilibaki kwake imeandikishwa mimi nikirandaranda na karatasi yangu. Ilivofika tukaziweka mbili kwenye sinia, mpya na ile ya zamani. Mpya imezidi pete mbili na nusu. Kuiangalia tu unaona aibu.

Alivoirudishia, kifyatulio kikawa kigumu kama siku niliyoinunua. Nikamwambia mzee kidole kitachoka. Akasema kidole kina nyama, kitazoea.

Nikaenda uwanjani makusudi asubuhi, niliomba zamu ya kwanza, mwezi wa tisa asubuhi sio baridi kama ya Juni lakini bado unavuta sweta. Boksi lilelile la mwezi wa saba, sikubadilisha magazini, sikubadilisha chochote zaidi ya alichogusa mzee. Risasi 30. Afande yuleyule alisimama nyuma yangu anasubiri tk, nadhani alikuwa anaisubiri kuliko mimi. Ya kumi, ya ishirini, ya ishirini na tisa. Nilivomaliza niliinama nikaokota maganda matano hivi nikapitisha ukucha, unanasa kwenye yote. Nimeandika kwenye daftari, ukurasa ule ule, chini: "30. Zote." Chini yake kuna deni la mtu wa Sikonge, ndoo mbili, bado hajaleta.

Jioni ile nyumbani, watoto wapo nje, risasi zimefungiwa kwenye sefu, chemba nimeikagua mara tatu kama mzee na bado nikaikagua ya nne, nikaomba tena penseli ya darasa la tatu. Nikafyatua. Iligonga silingibodi ya sebuleni ikaacha kidoti cheusi, kidogo, kirefu, katikati kabisa ya ubao. Mke wangu akatoka jikoni akakiangalia, akaniangalia mimi, akauliza rangi ya kupaka hapo ninayo. Sina. Kipo mpaka leo.